Vishale vya Mbao: Kazi ya Halali, Mchezo wa Nyumbani

Katika mji wa mpakani wa Tunduma, seremala mwenye kerezo hukereza matendegu ya vitanda, miguu ya meza na nguzo za ngazi. Jioni hubaki vipande vya mninga visivyotosha hata mguu wa kigoda, na aghalabu huishia jikoni kuwa kuni. Lakini kipande chenye urefu wa kiganja chatosha kutoa kishale cha kulengea shabaha, na watoto wakapata mchezo.

Mzazi Mwislamu akisikia vishale hukumbuka mambo mawili: mabaa, ambako mchezo huu huchezwa sana, na aya ya 90 ya Suratul Maida, iliyotaja azlamu pamoja na ulevi na kamari. Hofu hiyo ina msingi, ila yafaa tupambanue. Azlamu ni vijiti vya mishale ambavyo Waarabu wa zama za ujahiliya walivitumia kupigia ramli. Kulenga shabaha ni jambo jingine. Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin Al-Akwa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale, akawahimiza. Kinachouharibu mchezo ni dau, pombe na kupuuza Swala.

Kazi yenyewe yafunza subira. Fundi huchagua mti mkavu wenye nyuzi zilizonyooka, akatia alama katikati ya kila ncha, kisha akaufunga kwenye kerezo. Huanza kuuviringisha kwa bobari, akamalizia kwa patasi na msasa. Kwa kuwa mbao ni nyepesi, hutoboa tundu upande wa mbele na kutia kipande kifupi cha chuma kilichochongwa ncha, kiwe uzito na mdomo kwa pamoja. Mkiani hupasua mianya minne ya kushika nyoya au karatasi ngumu. Kishale kikiwekwa juu ya ukingo wa rula, sharti kitulie mbele kidogo ya katikati. Uzito ukiegemea nyuma, hakitaruka sawa. Na kwa kuwa vishale huchezwa vitatu vitatu, vyote hupimwa kwa mizani ndogo mfano wa ile ya sonara, hadi vilingane. Hapo kijana hujifunza uadilifu wa kipimo kwa mikono yake.

Kabla ya kuwasha mashine, avue kanzu au akunje mikono ya nguo, maana kerezo hunasa kitambaa na kumvuta mtu. Avae miwani na afunike pua, kwani vumbi la mninga huwasha kifua.

Nyumbani, kitovu cha shabaha huwekwa mita 1.73 kutoka sakafuni, na mrushaji husimama mita 2.37 mbele yake. Asiwepo mtoto wala mlango upande wa shabaha. Mtume (s.a.w.) aliamuru mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Adabu hiyo ifundishwe kabla ya kishale cha kwanza kurushwa.

Mtoto anayekosa mchezo nyumbani huutafuta kwingine, na huko hatuchagui sisi nani atakaa naye. Baba aliye fundi ana vipande vya mninga miguuni pake kila jioni. Avitazame upya kabla havijaingia motoni.