Ongezeko la Watu: Funzo la Mtaa wa Fedha

Utangulizi

Kila alfajiri katika mtaa wa Fedha, Embakasi, watu humiminika kutoka katika maghorofa ya kupangisha wakielekea barabara ya Outer Ring kutafuta matatu. Baadhi yao huenda viwandani, wengine katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na wengine katikati ya jiji. Autazamaye msongamano huo aghalabu hukimbilia jibu moja: watu wanazaana mno. Jibu hilo limezoeleka, ila lina upungufu. Makala haya yanadhamiria kufafanua namna idadi ya watu inavyoongezeka, na kuonyesha kuwa umati wa leo umetokana zaidi na uzazi wa jana.

Chimbuko la ongezeko

Wataalamu wa demografia hutaja mambo matatu yanayobadili idadi ya watu: uzazi, vifo na uhamiaji. Dunia ikitazamwa kwa ujumla, uhamiaji hauhesabiki. Kinachobaki ni tofauti baina ya wanaozaliwa na wanaofariki.

Nchini Kenya, tofauti hiyo ilipanuka katika nusu ya pili ya karne ya 20. Zahanati zilienea, na mwaka 1980 ukaanzishwa mpango wa taifa wa chanjo. Vifo vya watoto vilipungua, ilhali desturi za uzazi hubadilika polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kupata watoto takriban 8. Mzazi aliyewahi kuzika watoto hakuwa na sababu ya kuamini kwamba wote watakua, na asiye na malipo ya uzeeni aliwategemea wanawe. Kwa hivyo, msemo kwamba kila mtoto huja na riziki yake ulikuwa na mantiki kwa wakati wake.

Hatimaye uzazi nao ulishuka. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa uzazi wa majira mwaka 1967, lakini matokeo yalidhihirika baadaye, wasichana wengi waliposoma na gharama ya kulea ilipopanda. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 3.4 kwa kila mwanamke; Nairobi, wastani ulikuwa chini ya 3. Mpangaji wa vyumba viwili Fedha hahitaji kuhubiriwa: kodi, karo na nauli humfundisha hesabu hiyo kila mwezi.

Kitendawili cha takwimu

Ikiwa uzazi umepungua, mbona maghorofa yanazidi kujaa? Sensa zinatoa jibu. Kati ya mwaka 1979 na 1989, Wakenya waliongezeka kutoka milioni 15.3 hadi 21.4, yaani nyongeza ya milioni 6.1. Kati ya mwaka 2009 na 2019, waliongezeka kutoka milioni 38.6 hadi 47.6, yaani nyongeza ya milioni 9. Kasi ilikuwa imeshuka hadi takriban asilimia 2.2 kwa mwaka, lakini asilimia ndogo ya watu wengi huzidi asilimia kubwa ya watu wachache.

Chukulia mama aliyezaa watoto 8, wanne kati yao wakiwa mabinti. Kila binti akizaa watoto 3 tu, wajukuu kwa upande wa mabinti watakuwa 12. Uzazi wa kila mwanamke umepungua zaidi ya nusu, na bado wajukuu wamezidi wana. Huu ndio msukumo unaorithiwa kutoka kizazi kilichotangulia.

Nairobi ina sababu ya ziada. Kati ya mwaka 1969 na 2019, idadi ya Wakenya iliongezeka zaidi ya mara nne, ilhali ya Nairobi iliongezeka zaidi ya mara nane, kutoka watu 509,286 hadi 4,397,073. Uzazi pekee hauwezi kueleza pengo hilo. Vijana wa mashambani walifuata kazi na masomo mjini, na walipoanzisha familia, watoto wao wakahesabiwa humo.

Dunia nayo imepita njia hiyo. Kasi ya ongezeko ilifikia kilele cha takriban asilimia 2 katika miaka ya 1960, na sasa iko chini ya asilimia 1. Hata hivyo, watu walitimia bilioni 8 mwezi Novemba 2022.

Hitimisho

Chanzo kikieleweka vibaya, tiba nayo hukosewa. Anayewalaumu wazazi wa leo huishia kutoa mawaidha, ilhali wengi wa watakaotafuta vyumba na kazi Embakasi miaka 20 ijayo wamekwisha kuzaliwa. Katika sensa ya mwaka 2019, takriban robo tatu ya Wakenya walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Katika uchaguzi wa mwaka 2013, Embakasi, iliyokuwa eneobunge moja, ilikuwa imegawanywa kuwa maeneobunge matano kwa sababu ya wingi wa watu. Kuchora mipaka ni rahisi kuliko kutandaza mabomba ya maji na ya majitaka, au kujenga madarasa. Mtoto aliye katika chekechea ya Fedha leo tayari amehesabiwa. Hakuna mpangaji wa jiji atakayedai kuwa alikuja ghafla.