Tao Moja Likibomolewa: Daraja Kongwe la Stirling

Mgeni afikaye Stirling, mji wa katikati ya Uskoti, huonyeshwa daraja la mawe lenye matao manne juu ya mto Forth. Lilijengwa kati ya mwisho wa karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Wengi hudhani ndilo daraja la pigano la tarehe 11 Septemba 1297, ambapo majeshi ya William Wallace na Andrew Moray yaliwashinda Waingereza. Sivyo, lile lilikuwa la mbao na limekwisha kutoweka. Hata hivyo hili la mawe lina kisa chake, nacho ni somo zuri la fizikia.

Mwezi wa Desemba 1745, wakati wa uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart, Jenerali William Blakeney, aliyeilinda ngome ya Stirling kwa niaba ya serikali, aliamuru tao la upande wa kusini libomolewe ili waasi wasivuke. Matao matatu yaliyosalia yakabaki yamesimama, na mwaka 1749 lile la kusini likajengwa upya. Kwa nini mengine hayakuanguka?

Tao hushikwa na uzito wake lenyewe kuliko chokaa. Kila jiwe limechongwa mfano wa kabari, hata likitaka kushuka hubanwa na majirani zake. Uzito hupokezanwa jiwe kwa jiwe mpaka kwenye nguzo, na huko hausukumi chini tu, bali na kando pia. Wanafunzi wawili wakisimama wakielekeana, miguu nyuma, wakaegemeana kwa viganja, wataihisi kani hiyo: nyayo zao zitataka kuteleza nje.

Nguzo iliyo kati ya matao mawili husukumwa kutoka pande zote mbili, na misukumo hiyo hupingana. Tao moja likiondolewa, hubaki msukumo wa upande mmoja. Nguzo nyembamba ingepinduka na kuliangusha tao la pili, kisha la tatu. Nguzo za Stirling ni nene na nzito, zikastahimili. Umbo la nusu duara nalo lilisaidia, kwani tao lililoinuka husukuma kando kwa nguvu ndogo kuliko tao bapa.

Katika karne ya 18 Mfaransa Jean-Rodolphe Perronet alijenga daraja la Neuilly, karibu na Paris, kwa nguzo nyembamba na matao bapa yaliyotegemeana yote. Kulibomoa moja tu kungeyahatarisha mengine. Lakini Perronet hakukosea: nguzo nene huziba mto, na maji yaliyobanwa huenda kasi yakichimbua mchanga chini ya misingi. Madaraja mengi ya kale yaliangushwa hivyo, kutoka chini. Ndiyo maana nguzo za Stirling zina ncha za pembetatu za kuyakata maji.

Katika miaka ya 1830 Robert Stevenson, mjenzi mashuhuri wa minara ya taa, alijenga daraja jipya jirani, na magari ya farasi yakahamia huko. Daraja kongwe likaachiwa waendao kwa miguu, ambao hata leo hulipita tao la 1749 wakitokea mjini.