Je, Wajua? Mbio za Wanawake wa Siasa, Kenya na Tanzania

Je, wajua kwamba Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, haikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa? Hata mmoja! Ilibidi ingoje hadi 1969, Grace Onyango aliponyakua kiti cha Kisumu Mjini. Na mama huyo alikuwa ameshazoea kutangulia: mwaka 1965 alikuwa meya wa Kisumu, meya mwanamke wa kwanza Kenya nzima.

Sasa vuka mpaka nami. Tanganyika, yaani Tanzania Bara ya leo, ilimchagua Sophia Mustafa wa Arusha mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru wenyewe. Na kaa vizuri usikie: alizaliwa India, akakulia Nairobi!

Bibi Titi Mohamed unamjua? Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam. Mwaka 1955 alianza kuwaita wanawake wajiunge na chama cha TANU, na katika miezi michache tu wakaingia 5,000. Ukipita leo katikati ya jiji hilo, barabara kubwa unayoikanyaga ina jina lake.

Njoo kwenye baraza la mawaziri. Tanzania ilipata mawaziri kamili wanawake mwaka 1975, tena wawili kwa mpigo: Tabitha Siwale na Julie Manning. Kenya ilimpata wa kwanza, Nyiva Mwendwa, mwaka 1995. Miaka 20, ndugu yangu!

Lakini usidhani Tanzania hutangulia kila mara. Mwaka 1997 Kenya ilikuwa na wanawake wawili waliogombea urais, Charity Ngilu na Wangari Maathai, yule yule aliyekuja kutwaa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Tanzania ilimpata mgombea urais wake wa kwanza mwanamke, Anna Senkoro, mwaka 2005. Kenya mbele kwa miaka 8. Na Wizara ya Ulinzi? Raychelle Omamo aliishika Kenya mwaka 2013, Stergomena Tax akaishika Tanzania mwaka 2021. Toa mwenyewe uone: miaka 8 tena!

Kwenye kiti cha Spika, Kenya bado. Si Bunge la Taifa, si Seneti, hakuna lililowahi kuongozwa na Spika mwanamke. Tanzania ilimkalisha Anne Makinda mwaka 2010, kisha Tulia Ackson mwaka 2022, na mwaka uliofuata dunia ikamchagua Tulia kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Hapa sogea karibu, maana ndipo penye utamu wote. Baada ya chaguzi za 2020 na 2022, wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya Bunge la Tanzania, na kama asilimia 23 ya Bunge la Taifa la Kenya. Pengo kubwa, sivyo? Sasa hesabu waliogombea majimboni wakapambana na wanaume wakashinda. Tanzania: karibu 1 kati ya 10. Kenya: karibu 1 kati ya 10. Nchi mbili, katiba mbili, na jimboni zilikuwa karibu sawa!

Basi pengo limetoka wapi? Viti maalum. Tanzania ilianza na viti 15 vya wanawake mwaka 1985. Kufikia 2015 vilikuwa 113. Hupigiwi kura ya jina lako: chama kinapeleka orodha, kikipata angalau asilimia 5 ya kura za wabunge kinagawiwa viti vyake. Kenya ina viti 47, kimoja kila kaunti, na mwakilishi wa wanawake huchaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Ina maana anaomba kura katika majimbo yote ya kaunti yake, wakati mbunge wa kawaida anahangaika na moja tu!

Wapo wanaosema viti maalum havimfikishi mtu popote. Waambie hivi: Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum. Mwaka 2010 alishinda jimbo la Makunduchi, 2015 akawa Makamu wa Rais wa Tanzania, na tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Mei mwaka huo huo alihutubia Bunge la Kenya jijini Nairobi, na kabla mwezi haujaisha Kenya ikamwapisha Martha Koome, Jaji Mkuu wake wa kwanza mwanamke.

Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya chombo chochote cha kuchaguliwa. Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo, tena na tena. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akamshauri Rais alivunje Bunge lote! Halikuvunjwa, lakini barua iliandikwa, na ni ya kusomwa mashuleni.

Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia bungeni Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Siku hiyo hakuwa na wa kumwachia. Wabunge wakapiga kelele, akaamriwa atoke, na picha ya mama na mtoto ikazunguka dunia.

Na magavana? Mwaka 2013 Kenya ilichagua magavana 47, wanawake sifuri. Mwaka 2017, 3. Mwaka 2022, 7! Mmoja wa hao saba ni Fatuma Achani, gavana wa kwanza mwanamke Pwani ya Kenya, na kaunti yake ni ipi? Kwale hiyo hiyo, inayopakana na Tanga ya Tanzania.