Kofia ya Mtoto Mchanga

Hapa Nassa tunalima pamba. Pamba husokotwa kuwa uzi, na uzi hufumwa kuwa khanga. Khanga ya pamba ikichakaa, usiitupe. Inafaa kwa kofia ya mtoto mchanga, kwa kuwa ni laini.

Mtoto aliyezaliwa sasa hivi hupoa upesi. Kichwa chake ni kikubwa, mwili wake ni mdogo. Joto jingi hupotea kichwani. Akipoa sana anaweza kuugua, hata kufa.

Tushone hivi:

1. Fua khanga kwa sabuni. Ianike juani mpaka ikauke kabisa.

2. Kata vipande viwili. Kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 16. Pembe za juu zikate mviringo.

3. Pandanisha vipande. Shona pembeni na juu, sentimita 1 kutoka ukingoni.

4. Kunja upindo wa chini, ushone. Kisha geuza kofia. Usitie kamba, isije ikamkaba mtoto.

Mtoto akizaliwa, akaushwe kwanza, ndipo avikwe kofia.

Je, wifi yako au jirani yako ni mjamzito? Mshonee leo. Mtoto huweza kuzaliwa usiku wa mvua.