Donald Dinnie, Mskoti aliyekula kwa nguvu za mikono yake

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mbele mpira wa miguu haujateka dunia nzima, jina la Donald Dinnie lilijulikana toka Scotland mpaka Australia. Alizaliwa mwezi wa saba 1837 katika eneo la Birse, jimbo la Aberdeenshire, kwa baba fundi wa kujenga kwa mawe. Yeye pia alijifunza kazi hiyo, lakini uwanja wa michezo ndio ulimpatia mkate.

Alirusha nyundo, alitupa jiwe zito, alipigana mieleka, na alitupa gogo la mti. Katika mchezo huo wa gogo, haitazamwe limefika mbali kiasi gani: inafaa lijipindue hewani na lianguke limenyooka mbele ya mchezaji. Ushindi wake wote unahesabiwa kuwa zaidi ya 11.000, kwa muda wa miaka karibu 50.

Mawe mawili ya Potarch

Mwaka wa 1860, katika daraja la Potarch juu ya mto Dee, Dinnie alibeba mawe mawili yenye pete za chuma, moja kila mkono, akavuka upana wa daraja. Kwa jumla yana uzito wa kilo 332. Mafundi wa daraja waliyatumia zamani kama vizito vya kazi yao.

Feza na heshima

Dinnie alishindania feza, wala hakuficha. Wakati huo wakubwa wa michezo Uingereza walisema mwanamichezo wa kweli halipwi; mashindano yao yalifungia mlango watu kama yeye. Basi akatafuta soko ngambo: Marekani, Australia, New Zealand, Afrika ya Kusini. Hata uzeeni aliendelea kuonyesha nguvu zake mbele ya watu, kwani mwili wake ndio ulikuwa shamba lake.

Alifariki London mwezi wa ine 1916, akiwa na miaka 78. Katika Vita vya kwanza vya dunia, waaskari walikuwa wakiita mabomu mazito ya mizinga kwa jina lake.

Mawe yangali Potarch. Wenye nguvu toka inchi mbalimbali wanafika kuyajaribu. Wengi wanarudi bila kuyatosha chini.