Bcc haimfichi mtu

Swali limeulizwa mno: kirefu cha bcc kwenye barua pepe ni nini, na je, ni kweli mtu aliyewekwa humo hawezi kujulikana kamwe? La kwanza halina uzito. Cc ni nakala ya kaboni, jina lililobaki tangu enzi za mashine ya taipu, na b inayotangulia inaonya kwamba wapokeaji wengine hawaambiwi kuhusu nakala hiyo. La pili ndilo linaloponza watu, kwa sababu wanaolikubali huitegemea bcc kwa mambo wasiyothubutu kuyafanya hadharani.

Wanaoiita bcc "nakala ya siri" wameipa nguvu ambayo haikuwa nayo hata kwenye karatasi. Mpigachapa alipanga karatasi nyeupe na za kaboni tabaka kwa tabaka, akapiga barua mara moja, zikatoka nakala zote. Mkubwa wake akitaka mtu fulani apate nakala bila mwandikiwa kujua, alichomoa karatasi ya juu, kisha akapiga bcc na jina la mtu huyo kwenye nakala iliyobaki na ile ya jalada. Jina lilikosekana kwa mwandikiwa tu; aliyefungua jalada masijala alilisoma bila taabu. Barua pepe ilirithi utaratibu huohuo. Kanuni za kiufundi za mwaka 1982, RFC 822, zilitaka orodha ya bcc isionekane kwa waandikiwa na kwa walio kwenye cc, lakini ziliruhusu mifumo mingine iwaonyeshe waliomo ndani ya bcc. RFC 5322 ya mwaka 2008 haikuufunga mlango huo. Mtu atasema programu yake huifuta orodha kwa wote. Nyingi hufanya hivyo, nakubali, ila seva haiwezi kufikisha ujumbe kwa anwani isiyotajiwa. Kila anwani hutajwa kwake wakati wa kutuma, na msimamizi wa mitambo anaweza kuikuta kwenye kumbukumbu zake. Folda ya ujumbe uliotumwa nayo kwa kawaida huhifadhi majina yote. Halafu yupo mpokeaji mwenyewe: akibonyeza "jibu wote" kwa mazoea, jibu lake linawafikia mwandikiwa na walio kwenye cc, nao wanatambua papo hapo nani alikuwa akisoma mazungumzo yao. Akiamua kuusambaza ujumbe, kila anayeupokea anajua kwamba naye alikuwa nao. Sasa siri iko wapi?

Kazi halali ya bcc ipo, nayo ni kulinda anwani za watu wengi wasiofahamiana, kama wagonjwa wa kliniki moja au waombaji wa nafasi moja ya kazi. Kuwamwaga kwenye cc ni kugawa taarifa zao bila ridhaa, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ukitaka mtu asome bila wengine kujua, tuma kwanza, kisha msambazie yeye peke yake ujumbe uliokwisha kutumwa. Hapo "jibu wote" yake haiwagusi wengine. Neno zito kweli, lizungumze ana kwa ana. Cc iwe ya kupasha habari tu. Unayemtaka atende, mwandikie yeye. Na kwenye barua rasmi ya Kiswahili herufi hizo hazihitajiki: chini ya sahihi andika "Nakala:", kisha majina.