Kabla ya Kumlaumu Samaki

Mgonjwa wa ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyoiita, hufika kwangu akiwa ameshaacha nusu ya vyakula vya sokoni. Samaki ameacha, mayai ameacha, na nanasi kaambiwa asilisogelee kabisa. Amekonda, na usiku bado anajikuna. Nikimwuliza anajipaka nini na anashika nini kutwa, hujibu: "Vilevile vya siku zote, daktari." Jibu hilo hunifanya nivute kiti karibu, kwa sababu mzio wa kugusa unaweza kuzuka kwa kitu ambacho mtu amekitumia miaka kumi bila kudhurika.

Kinachotupoteza njia ni muda. Mwenye mzio wa karanga akizila, midomo huvimba papo hapo. Mzio wa namna hiyo hupimwa kwa kudunga ngozi kidogo, na majibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Mzio wa kugusa hauna haraka. Chembe za kinga zilizokwisha kuitambua kemikali hukusanyika ngozini polepole, na muwasho huja baada ya siku moja, mbili, hata tatu. Umetia rangi nywele Ijumaa kwa ajili ya arusi ya Jumamosi. Jumapili usiku uso umevimba. Unakumbuka nini? Pilau na pweza.

Ndivyo alivyokuja mama mmoja wa makamo. Kope zilikuwa zimefura hata macho hayafunguki, na nyuma ya masikio panatoka maji. Tulimtibu kwanza, tukangoja ngozi itulie na vidonge vya steroidi viishe mwilini, maana ukimpima mtu angali anavimeza, ngozi inaweza kunyamaza. Kisha tukampangia siku ya kipimo cha kubandika.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Daktari wa ngozi Mjerumani, Josef Jadassohn, alikieleza mwaka 1895 baada ya kuona watu waliotibiwa kwa zebaki wakitoka upele. Alipowabandika zebaki kidogo, upele ulizuka pale pale alipobandika. Siku hizi tunatumia vikombe vya alumini vyenye upana wa milimita 8, vimepangwa safu kwenye plasta. Kila kikombe kina kemikali moja, nyingi zikiwa zimechanganywa na mafuta ya mgando kwa kiwango maalumu: nikeli ya hereni na vifungo, kromiamu ya saruji na viatu vya ngozi, manukato, kemikali za mpira wa ndala na glavu, vihifadhi vya losheni. (Fundi mwashi mwenye viganja vilivyopasuka anastahili kupimwa kromiamu kabla ya kuambiwa ana pumu ya ngozi. Umoja wa Ulaya uliiwekea kromiamu ya saruji kikomo cha sehemu 2 kwa milioni tangu mwaka 2005, kwa ajili ya mikono kama hiyo.)

Plasta zinabandikwa mgongoni Jumatatu, zinabanduliwa Jumatano baada ya saa 48. Katikati hakuna kulowesha mgongo wala kazi ya kutoa jasho, jambo gumu kwa mtu wa pwani mwezi wa pili. Tunasoma Jumatano, tunasoma tena Alhamisi au Ijumaa, na mara nyingine Jumatatu inayofuata. Kusoma mara moja tu hakutoshi. Neomisini, dawa iliyomo katika krimu nyingi za mchanganyiko zinazouzwa madukani, inaweza kujitokeza baada ya wiki nzima, na steroidi za kupaka vilevile. Nimewaona wagonjwa ambao kilichoendeleza ukurutu wao ni ile krimu waliyokuwa wakiupakia.

Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha, au huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea. Kwa hiyo nainamisha taa ipige mgongo kwa ubavu, halafu napitisha ncha ya kidole polepole, kikombe hadi kikombe. Ngozi iliyochokozwa tu mara nyingi huwa bapa, au imekunjamana kama karatasi. Penye mzio kidole hupanda: pamekaza, pana vipele, na uvimbe umevuka mpaka wa kikombe. Vidole vina kazi kubwa kuliko macho hapa, na ningependa kila mwanafunzi wa udaktari afundishwe hivyo tangu mwanzo.

Kwa yule mama sikuhitaji kidole. Mahali pa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, palikuwa na malengelenge. Hiyo ndiyo kemikali ya rangi nyingi za kudumu za nywele, nayo ndiyo hutiwa kwenye piko ili ikolee weusi upesi.

"Mama, uliwahi kuchorwa piko?"

Alinyamaza kidogo. "Nilipoolewa. Ua la mkononi lilitoka malengelenge, likafuata mchoro ule ule."

Angenitajia ua hilo mapema, ningempima kwa kiwango cha chini zaidi au kwa saa chache. Kosa la kutouliza lilikuwa langu. Kinga ya mwili ilikuwa imeitunza kumbukumbu hiyo zaidi ya miaka 20.

Kipimo hiki hakijibu kila kitu. Hakitambui ukavu wa ngozi, jasho, wala sabuni inayochubua mikono ya wafuaji, na wengi wenye pumu ya ngozi hawana kisababishi kimoja cha kunaswa. Tena si kila hospitali inacho. Losheni unayoishuku unaweza kuijaribu nyumbani: ipake mahali pamoja kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku hadi wiki mbili, uache pakianza kuwasha. Sabuni ya unga usiijaribu hivyo, itakuunguza. Rangi ya nywele na piko hazimo kabisa katika jaribio hilo.

Mama yule aliondoka na jina la kemikali kwenye karatasi, akaikunja ndani ya pochi pamoja na kitambulisho. Nilimwonya pia kuhusu baadhi ya rangi za nguo na dawa ya ganzi ya benzokeini, ambazo mwili unaweza kuzifananisha na PPD. Bintiye alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Alinieleza tayari ameshaagiza majani ya mhina, ya kutwanga nyumbani, yale yanayotoa wekundu na kutaka usiku kucha.